Piga Fimbo, Usipige Vidole

Wanaoshika fimbo ya arnis kwa mara ya kwanza hukosea kwa namna moja. Huikaba kana kwamba kuna mtu anataka kuwapora, kisha huirusha kwa bega zima kama mpasua kuni. Mkono wa pili unaning'inia tu, hauna kazi. Na fimbo ya mwenzao ikija, wanafumba macho.

Arnis, ambayo wengine huiita eskrima au kali, ni sanaa ya mapigano ya Ufilipino. Mwaka 2009 sheria ya nchi hiyo iliitangaza kuwa sanaa na mchezo wa mapigano wa taifa. Mtu wa karate kwa kawaida huanza na mikono mitupu, na silaha, kama zikija, huja baadaye sana. Wa arnis hupewa fimbo siku anayoingia mlangoni. Mikono mitupu hufuata, tena kwa mwendo uleule wa fimbo. Kwa sababu hiyo semina za silaha za mwishoni mwa wiki, ambako hukutana watu wa judo, wa ndondi na wasiojua lolote, zimeipenda sana: kila mtu anaanza sawa na jirani yake.

Fimbo yenyewe ni ya henzirani, urefu wa sentimita 71 hivi, unene wa karibu sentimita mbili na nusu. Henzirani ni nyepesi, na ikichakaa huchambuka nyuzinyuzi badala ya kupasuka vibanzi vya kurukia watu machoni. Zikigongana kwa nguvu na kwa muda mrefu, hutoa harufu ya kitu kinachoungua, jambo linalowashangaza wageni wengi. Zipo pia fimbo za kamagong, mti mweusi mzito wa Ufilipino. Hizo huvunja mfupa, na mgeni hana shughuli nazo.

Somo la kwanza ni mshiko. Fimbo haishikwi mwisho kabisa. Huachwa kipande kidogo chini ya ngumi, nacho hutumika kugonga au kunasa mkono wa adui akishasogea karibu. Halafu huja mapigo, ambayo katika shule nyingi ni 12 na huitwa kwa namba. La kwanza hushuka upande wa kushoto wa kichwa cha mpinzani, la pili upande wa kulia, mengine huenda kwenye kiwiko, goti, tumbo na macho, mpaka utosini. Namba hizo hutaja njia ambayo pigo linapitia, hazitaji silaha. Aliyezoea kuzuia pigo la kwanza la fimbo atalizuia pia likija na chupa au panga, ingawa kwa panga itambidi awe mwangalifu zaidi na mkono wake mtupu.

Baada ya hapo wanafunzi huwekwa wawili wawili, na hapo ndipo zamani mambo yalipoharibika.

Katika mafunzo ya kale, fimbo ya adui haikuwa shabaha. Shabaha ilikuwa mkono unaoishika, kwa hesabu nyepesi kwamba vidole vikivunjika silaha huanguka. Kwa vita ni hesabu safi. Kwa darasa ni balaa: wanafunzi walirudi nyumbani wamevimba mikono, na wengi hawakuonekana tena. Remy Presas, aliyezaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Negros, aliona kwamba sanaa hiyo ingekosa warithi. Katika mtindo aliouita Modern Arnis, alifundisha wenzi kugonganisha fimbo kwa fimbo, na kuuacha mkono kuwa shabaha inayojulikana lakini haiguswi. Miaka ya 1970 alihamia Marekani, akawa mtu wa kusafiri akiendesha semina mpaka alipofariki mwaka 2001. Mgeni anayemaliza siku nzima ya mazoezi leo na vidole vyake vyote ana deni la shukrani kwake.

Wapo wanaolalamika kwamba mageuzi hayo yaliilainisha arnis. Lawama hiyo haina uzito. Anayetaka kipigo cha kweli ana mashindano, ambako watu huvaa kofia ngumu na vikinga kifua na kupigana kwa nguvu zote. Mchezo huo ulikuwamo katika Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia ya mwaka 2019. Anayeanza anahitaji kitu kingine: kupigiwa fimbo mbele ya uso mara nyingi, pasipo kuumia, mpaka macho yaache kufumba yenyewe.

Kinachofuata ni umbali, na kwa wengi hapa ndipo pagumu. Mwalimu mzuri hushughulika na miguu kuliko mikono. Wengine hubandika utepe sakafuni kwa umbo la pembetatu, ili mwanafunzi atoke kwenye mstari wa pigo kwa hatua ya mshazari badala ya kurudi nyuma moja kwa moja. Ukali wa fimbo uko karibu na ncha yake. Hatua moja ya kuingia ndani hulipunguzia nguvu pigo lililokuwa la kutisha. Mgeni haamini mpaka ajaribu, kwa kuwa mwili wake wote unamwambia akimbie.

Kisha kuna sinawali, zoezi la fimbo mbili kila mtu, zikipishana juu na chini kwa mfuatano maalumu. Ndilo zoezi linalopendeza watazamaji, na ndilo linaloamsha ule mkono wa pili uliokuwa umelala. Wapenzi wa sinema wamewahi kuuona mwendo huo: katika filamu ya Game of Death, iliyotoka mwaka 1978, anayepambana na Bruce Lee kwa fimbo mbili ni Dan Inosanto, Mmarekani mwenye asili ya Ufilipino.

Semina hazikosi pia hadithi kwamba baharia Magellan aliuawa Mactan, Ufilipino, mwaka 1521 kwa fimbo za henzirani. Ni tamu, lakini Antonio Pigafetta, aliyekuwapo siku hiyo, aliandika habari za mikuki, mishale na silaha zenye makali.

Kwa msomaji wa pwani, kugonganisha fimbo si jambo geni. Lamu wanacheza kirumbizi, wanaume wawili wakiingia uwanjani na fimbo huku ngoma na zumari zikilia. Misri ya kusini wana tahtib, iliyoingia katika orodha ya turathi ya UNESCO mwaka 2016. Katika mchezo huo kukigusa tu kichwa cha mwenzio kunatosha kuwa ushindi.

Anayetaka kujaribu arnis hahitaji gharama kubwa. Avue pete na saa, avae miwani migumu ya kukinga macho, aikague fimbo yake na kufunga utepe palipochambuka. Na akimkuta mwalimu anayewapambanisha wageni siku ya kwanza bila kofia wala miwani, amuage mapema.