Umehamia Kwale kutoka nje ya nchi? Jinsi ya kuchagua kati ya shule ya umma na ya kibinafsi

Kwale ni kaunti ya mpakani. Kupitia Lunga Lunga huingia familia kutoka Tanzania na nchi nyingine jirani kwa ajili ya biashara, uvuvi na kazi za hoteli. Wapo pia wakazi wetu wanaorejea nyumbani na watoto baada ya miaka mingi ya kazi Oman, Saudia na Qatar. Wakishapata nyumba, swali linalofuata huwa moja: mtoto asome wapi?

Wazazi wengine hukimbilia shule ya kibinafsi wakidhani mtoto aliyetoka nje hawezi kupokelewa katika shule ya umma. Wengine hulipa karo ya muhula wa kwanza kabla ya kujua watalipaje muhula wa tatu. Mambo yakiharibika, anayeumia ni mtoto: hurudishwa gredi ya chini au huhamishwa katikati ya mwaka, wakati ndiyo kwanza amepata marafiki. Makala haya yanaeleza mambo ya kupima kabla ya kulipa chochote.

Nani anasimamia shule gani

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea pamoja na vyuo vya kiufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Elimu. Kwa hivyo mzazi wa mtoto wa miaka 4 au 5 anayetafuta nafasi ya PP1 au PP2 aanzie katika kituo cha chekechea cha umma kilicho karibu au ofisi ya elimu ya kaunti. Kuanzia Gredi 1, aende kwa mwalimu mkuu wa shule au kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaeleza utekelezaji wake, na kuna mambo matatu ambayo mzazi mgeni anafaa kuyafahamu.

Kwanza, shule ya umma hairuhusiwi kumtoza mzazi ada ya kumsajili mtoto. Pili, shule ya umma haiwezi kumpa mtoto mtihani ili kuamua kama itampokea au itamkataa. Mtihani unaoruhusiwa ni wa kutambua gredi inayomfaa. Tatu, shule za umma hazitozi karo ya masomo, lakini sheria inaruhusu wasio raia wa Kenya kutozwa. Ikiwa familia yako si ya raia wa Kenya, uliza jambo hili mapema, na kwa malipo yoyote utakayofanya, dai risiti rasmi.

Wazazi wanaorejea kutoka Ghuba wakumbuke kwamba mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, hata kama alizaliwa Muscat au Doha. Muhimu ni kuwa na hati za kuthibitisha uraia wake.

Gredi na lugha

Mtaala wa umilisi una miaka 2 ya chekechea, 6 ya shule ya msingi, 3 ya sekondari ya msingi na 3 ya sekondari ya juu. Mtoto hutarajiwa kuanza Gredi 1 akiwa na miaka 6. Mwaka wa masomo huanza Januari na una mihula mitatu.

Anayetoka Tanzania, ambako mwaka pia huanza Januari, huingia bila pengo kubwa la kalenda. Anayetoka Congo, ambako shule hufunguliwa Septemba, hufika akiwa katikati ya darasa. Usikubali wala usikatae haraka pendekezo la kumrudisha gredi moja. Omba apimwe, kisha uonyeshwe ni somo gani hasa limemlemea.

Mara nyingi kinachomlemea ni lugha. Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Hapa Kenya, lugha ya eneo hutumika Gredi 1 hadi 3, kisha kuanzia Gredi 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa lugha nyingine zinazofundishwa kama masomo. Mtoto wa miaka 7 kutoka Tanga atajisikia nyumbani darasani. Dada yake wa miaka 11 anaweza kuwa hodari wa hesabu lakini ashindwe na swali kwa sababu tu limeandikwa kwa Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa au Kiarabu atakuwa na mzigo wa aina hiyo.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa shule yoyote, ya umma au ya kibinafsi, liwe hili: mtamsaidiaje mtoto wangu kuzoea lugha ya kufundishia? Shule yenye jibu la wazi inastahili kufikiriwa, hata kama majengo yake ni ya kawaida.

Piga hesabu ya mwaka mzima

Shule ya umma ina gharama zake: sare, chakula cha mchana, vifaa vya kuandikia na michango iliyoidhinishwa. Vitabu vya kiada hutolewa na serikali. Mtoto hapaswi kuzuiwa kuhudhuria masomo kwa sababu mzazi ameshindwa kulipa michango hiyo.

Katika shule ya kibinafsi, karo ni sehemu tu ya gharama. Tuchukue mfano wa shule inayotoza Sh18,000 kwa muhula. Kwa mwaka ni Sh54,000. Basi la shule likiwa Sh3,000 kwa mwezi kwa miezi 9, ongeza Sh27,000. Sare na usajili vikiwa Sh9,000, jumla ni Sh90,000 kwa mtoto mmoja. Familia yenye watoto wawili itahitaji Sh180,000, na bado haijanunua vitabu.

Linganisha jumla hiyo na mapato yako katika miezi migumu. Anayetegemea hoteli za Diani ahesabu mapato ya msimu wa wageni wachache, si ya Desemba.

Mambo ya kukagua

Katika shule ya umma, uliza idadi ya wanafunzi katika gredi ya mtoto wako. Ikiwa anaingia Gredi 7 hadi 9, uliza kuna walimu wangapi wa sayansi na masomo yao ya vitendo hufanyika wapi. Tangu 2023 madarasa hayo yamo ndani ya shule za msingi, na si kila shule ina maabara. Uliza pia kuhusu umbali na usalama wa njia.

Katika shule ya kibinafsi, omba kuona cheti cha usajili kutoka Wizara ya Elimu. Uliza kama walimu wamesajiliwa na TSC, jambo ambalo ni la lazima kisheria kwa mwalimu yeyote. Uliza ni mtaala upi unaofundishwa, kwa maana baadhi hufuata wa Uingereza. Mtaala huo unaweza kuifaa familia itakayohama tena baada ya miaka miwili. Kwa familia iliyokuja kukaa, mtaala wa Kenya humwekea mtoto njia iliyonyooka.

Wanafunzi wa mtaala wa Kenya katika shule za umma na za kibinafsi hufanya tathmini ile ile ya KJSEA mwishoni mwa Gredi 9, iliyofanywa kwa mara ya kwanza 2025. Matokeo ya mwisho hujumuisha pia tathmini za Gredi 6, 7 na 8. Mtoto anayeingia Gredi 7 au baadaye huenda hana baadhi ya alama hizo. Muulize mwalimu mkuu siku ya kwanza jinsi suala hilo litakavyoshughulikiwa na Baraza la Mitihani, wala usingoje Gredi 9.

Hati za kubeba

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
- Ripoti za shule za miaka miwili iliyopita na barua ya uhamisho. Zilizo kwa Kifaransa au Kiarabu zitafsiriwe.
- Pasipoti au hati ya kusafiria. Kwa asiye raia, uliza Idara ya Uhamiaji kuhusu kibali cha mwanafunzi, ambacho huombwa kupitia eCitizen.
- Kwa mkimbizi, hati za usajili wa familia.
- Kwa mtoto mwenye ulemavu, ripoti za matibabu. Vituo vya tathmini na rasilimali za elimu humpima na kushauri kuhusu shule inayomfaa.

Kabla ya kuamua

Tembelea angalau shule mbili, moja ya umma na moja ya kibinafsi, siku ya masomo. Nenda na mtoto. Zungumza na mzazi ambaye mwanawe yumo humo tayari. Kisha jiulize maswali matatu: je, watampokea katika gredi inayomstahili? Je, watamsaidia kwa lugha? Je, nitaweza kumweka hapo hadi amalize hatua aliyomo, iwe Gredi 6 au Gredi 9?

Shule inayopata "ndiyo" kwa maswali yote matatu ndiyo ya kuchagua, iwe ya umma au ya kibinafsi. Na wakati unaendelea kutafuta, usimweke mtoto nyumbani muhula mzima. Ukikataliwa na shule ya umma bila sababu ya maana, fika kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo ukiwa na hati zako. Kwa nafasi za chekechea, ofisi ya msimamizi wa wadi itakuelekeza kwenye kituo kilicho karibu nawe.