Ua Dogo la Usambara na Kivuli Chake

Wageni wa makanisa rafiki kutoka Ujerumani wakifika huku milimani hutuuliza habari za ua moja dogo la zambarau. Kwao hulipanda kwenye vyungu madirishani na huliita Usambaraveilchen, yaani violeti ya Usambara. Wengi wetu tunalipita tukienda shambani bila kulitazama. Hata mimi nilionyeshwa na mgeni!

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa serikali ya Kijerumani huku Usambara, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kitaalamu, Saintpaulia. Leo linauzwa duniani kote, lakini porini linazidi kupungua.

Ua hili huota juu ya mawe yenye kuvu na ukungu wa kijani, kando ya vijito, chini ya miti mikubwa. Mizizi yake ni mifupi, imeshika udongo kiasi cha kiganja tu. Jua kali likilipiga, majani yake manene yenye vinyweleo huungua. Halina maji matamu ya kuvutia wadudu. Nyuki wa porini hufuata chavua peke yake. Nyuki hulikumbatia ua, akavuma kwa nguvu mpaka chavua ikadondoka. Kivuli hicho hicho ndicho makazi ya vyura na vinyonga wasiopatikana kwingine duniani, na ndicho kinachotunza maji ya Mto Zigi yanayonywewa mjini Tanga.

Wachumaji wa maua si tatizo kubwa. Tatizo ni kufyeka. Mkulima wa iliki huacha miti mikubwa, akaondoa yote ya chini, na kwa mbali msitu unaonekana mzima. Lakini miti michanga imekwisha, na mikubwa ikianguka hakuna wa kuirithi. Iliki inasomesha watoto wetu, kwa hiyo hatuwaambii watu waiache. Tunaomba kamati za mazingira za sharika zipime mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka, na mawe yenye maua yaachwe na vichaka vyake.

Anayelitaka nyumbani asing'oe msituni. Aombe jani moja kwa mwenye chungu, alichomeke kwenye udongo wenye unyevu kivulini. Litaota mizizi lenyewe.