Fahamu: Kukata sanduku la kompyuta ili ipozwe kwa maji

Mjini Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, joto na vumbi huichosha kompyuta. Maji hubeba joto zaidi ya hewa, kwa mbali. Ila chumba kikiwa na nyuzi 30, maji hayatashuka chini ya hapo; kompyuta ya kuchapa barua tu, naona feni safi inaitosha.

Kwa mwenye kazi nzito: pampu husukuma maji hadi kwenye prosesa, yakabeba joto, yakapita kwenye rejeta kama ya gari. Rejeta ya feni mbili za milimita 120 huenda isienee ndani, ndipo sanduku hukatwa juu. Toa kwanza vifaa vyote, maana unga wa chuma ukibaki kwenye bodi utaleta shoti. Piga tupa kingo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Bati kali hupasua mpira wa maji. Skrubu ziwe fupi. Iliyozidi hutoboa rejeta.

Maji ya ziwani yana madini, hata yakiwa maangavu vipi. Tia yaliyokenekwa, yenye dawa ya kuzuia kutu. Shaba na aluminiamu usizichanganye, aluminiamu huliwa. Kisha washa pampu peke yake saa 24, karatasi kavu ikiwa chini ya kila kiungo.