Mbinu Moja Iliyonolewa: Mwongozo kwa Watafiti wa Lugha katika Uwanda wa Chunya

Ikisiri

Mapendekezo mengi ya utafiti wa isimujamii hutaja hojaji, usaili, ushuhudiaji na majadiliano ya vikundi kwa pamoja, bila kueleza kila mbinu inajibu swali gani. Makala haya yanafafanua namna mtafiti anavyoweza kutoka katika orodha hiyo na kufikia mbinu moja ya msingi, kuinoa, na kushikamana nayo hadi mwisho. Mfano unaotumika ni urithishaji wa lugha ya Kibungu katika eneo la Chunya, kusini magharibi mwa Tanzania. Makala yanabainisha kuwa uamuzi huu si suala la utaratibu tu. Ndio unaoamua iwapo data zilizokusanywa zinaweza kuthibitisha jambo lolote.

1.0 Utangulizi

Sura ya tatu ya tasnifu nyingi za isimujamii hufanana. Mtafiti huorodhesha mbinu tatu au nne, hutoa fasili ya kila moja, kisha hueleza kuwa mbinu hizo zitakamilishana. Msomaji akifika katika sura ya uchanganuzi, hukuta dondoo mbili za usaili, jedwali moja la hojaji, na sentensi chache kuhusu yaliyoshuhudiwa sokoni. Hakuna mbinu iliyofikishwa mwisho. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mshika manne huenda akaponyokwa na yote.

Athari za hali hii ni kubwa zaidi pale lugha inayochunguzwa inapokuwa na wasemaji wachache na wazee. Mtafiti anayerudi na data nusunusu hawezi kuwa na hakika kwamba atawakuta wazee walewale atakapokwenda tena.

2.0 Chunya kama Uwanda wa Utafiti

Chunya ni mahali ambapo lugha nyingi zimekutana kwa sababu zinazojulikana. Katika uainishaji wa Guthrie, Kikimbu (F24) na Kibungu (F25) zimo katika kanda F pamoja na Kinyamwezi na Kisukuma, ilhali Kisafwa (M25) na Kinyiha (M23), zinazozungumzwa jirani upande wa kusini, zimo katika kanda M. Dhahabu ya Lupa ilivuta wachimbaji na vibarua wengi katika miaka ya 1920 na 1930, na uchimbaji mdogo unaendelea hadi leo. Kilimo cha tumbaku na ufugaji navyo vimeleta wahamiaji kutoka mikoa mingine, wakiwamo Wasukuma. Wabungu wenyewe asili yao ni mashariki mwa Ziwa Rukwa, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Chunya na ambalo sasa limo katika Wilaya ya Songwe. Kati ya makundi haya yote, Kiswahili ndicho kiungo.

Uwanda wenye utajiri wa namna hii humshawishi mtafiti kutaka kuchunguza kila kitu. Kwa sababu hiyo, Chunya inafaa kuwa mfano wa umuhimu wa kuchagua.

3.0 Kila Mbinu na Swali Lake

Hatua ya kwanza ni kutambua kuwa mbinu hazitofautiani kwa urahisi wala ugumu, bali kwa aina ya maarifa zinayoyatoa. Maswali matatu yanaweza kuulizwa kuhusu Kibungu, na kila moja lina mbinu yake.

Swali la kwanza ni la nasaba: je, Kibungu kina uhusiano gani na Kikimbu? Hapa mtafiti anahitaji orodha ya msamiati na mbinu linganishi. Kuhesabu maneno yanayofanana hakutoshi, kwa kuwa majirani hukopeshana maneno. Ni ulinganifu wa sauti wenye utaratibu unaotenganisha neno la urithi na neno la mkopo.

Swali la pili ni la mielekeo: Wabungu wanaionaje lugha yao? Hojaji na usaili vinafaa, kwa sababu kinachotafutwa ni kauli za watu kuhusu lugha.

Swali la tatu ni la matumizi: je, wazazi huzungumza Kibungu na watoto wao? Hapa ndipo wengi huteleza. Hutumia hojaji kujibu swali ambalo hojaji haiwezi kulijibu. Mzazi akiulizwa, tena kwa Kiswahili, iwapo huwafundisha wanawe lugha ya mababu, ni rahisi kujibu ndiyo. Jibu hilo si uongo. Ni ushahidi wa fahari yake. Hata hivyo, si ushahidi wa yale yanayosemwa jikoni jioni. Swali hili linadai ushuhudiaji.

Kazi zilizotangulia zinaonesha nguvu ya kuchagua. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyochapishwa mwaka 2009 na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilijikita katika kukadiria idadi ya wasemaji na mtawanyiko wao. Haikudai kueleza mazungumzo ya ndani ya familia. Mekacha (1993) alijifunga katika jamiilugha moja, ya Wanata mkoani Mara, ili kuchunguza athari za Kiswahili kwa Ekinata. Nje ya Afrika, Labov alikwenda mwaka 1962 katika maduka makubwa matatu ya New York na kuwauliza wauzaji swali ambalo jibu lake lilikuwa “ghorofa ya nne”, kisha akajifanya hakusikia ili walirudie. Kwa swali hilo moja, lililoulizwa kwa namna ileile kwa watu 264, alipata ushahidi wa uhusiano kati ya matamshi na tabaka.

4.0 Kuinoa Mbinu

Kuchagua ushuhudiaji hakutoshi, kwani neno hilo ni pana. Mbinu hunolewa kwa kuamua mambo manne kabla ya ukusanyaji mkuu wa data.

Kwanza ni kipashio cha kuhesabiwa. Katika mfano huu, kipashio kinaweza kuwa kila zamu ya uzungumzaji ambapo mtu mzima anamwelekea mtoto. Mazungumzo ya watu wazima wao kwa wao yanaachwa.

Pili ni kigezo cha kuainisha. Shina la Kiswahili lililovikwa viambishi vya Kibungu lihesabiwe kuwa lugha ipi? Mtafiti anaweza kuamua kuwa viambishi vya kitenzi ndivyo vitakavyoamua. Uamuzi mwingine unawezekana. Lisilowezekana ni kuamua hivi leo na vile kesho.

Tatu ni mahali na wakati. Chunya ina msimu mmoja wa mvua, takribani Novemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo familia nyingi huwa mashambani. Ushuhudiaji wa nyumbani uliopangwa bila kuzingatia kalenda ya kilimo utakuta milango imefungwa.

Nne ni athari ya mtafiti mwenyewe. Labov alikwisha kuonya kuwa tunataka kujua watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, ilhali njia ya kujua ni kuwachunguza. Mtafiti anaweza kupanga kuitembelea kila kaya mara kadhaa na kutochanganua data za ziara za mwanzo, wakati wenyeji bado wanampa mgeni Kiswahili kwa heshima.

Mambo haya yapimwe kwa utafiti wa majaribio katika kaya chache zisizomo katika sampuli. Huo ndio wakati wa kukosea na kurekebisha.

5.0 Kushikamana na Mbinu

Majaribio yakiisha, mlango wa mabadiliko ufungwe. Kishawishi kikubwa huja pale matokeo yanapokinzana na matarajio: mzazi anayekisifu Kibungu barazani anasikika akimtuma mwanawe dukani kwa Kiswahili. Mtafiti asiye imara huongeza hojaji ili kupunguza ukali wa matokeo. Aliye imara hutambua kuwa pengo hilo ndilo alilokwenda kulitafuta.

Inaweza kudaiwa kuwa mbinu nyingi hurekebishana kasoro. Hoja hiyo ni sahihi endapo kila mbinu imekamilishwa na zote zinaelekezwa kwenye swali moja, jambo ambalo timu yenye muda na fedha inaweza kulifanya. Mwanafunzi mmoja mwenye miezi mitatu hana uwezo huo. Aidha, fomu fupi ya umri, mahali pa kuzaliwa na lugha za wanakaya si mbinu ya pili; ni taarifa zinazoihudumia mbinu ya msingi. Ikilazimu kubadili jambo katikati, mabadiliko yaandikwe pamoja na tarehe na sababu, na data za kabla na za baada zisichanganywe.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa swali huchagua mbinu, majaribio huinoa, na nidhamu huilinda. Msimamizi wa utafiti anaweza kuanza kwa kumwomba mwanafunzi aandike sentensi moja: nitahesabu nini, kwa nani, wapi na lini. Sentensi hiyo isipoandikika, safari ya Chunya isubiri.