Mwana wa Bukavu Mwandishi wa Vitabu

Wasomaji wetu wengi hudhani ya kuwa vitabu vya Kifaransa ni kazi ya watu wa mbali. Basi tumtaje Marie-Louise Bibish Mumbu. Alizaliwa Bukavu, akajifunza uandishi wa magazeti huko Kinshasa, akaandika habari za sanaa na michezo ya kuigiza. Mwaka 2008 ilitoka hadithi yake ndefu, Samantha à Kinshasa, juu ya maisha ya kila siku mjini. Kifaransa chake si kile cha seminari: kimechanganyika na Lingala, tena hakioni haya. Padri mwenzetu mmoja alikifunga kitabu upesi. Sisi tulikimaliza. Hapa Lubumbashi vijana nao huchanganya Kifaransa na Kiswahili vivyo hivyo. Asiyezoea usemi huo atawaungamishaje? Mama huyu alihamia Montréal, Kanada, na huko kitabu kilichapwa tena.