Pesa ya mahindi ikiingia, Yusufu angefanyaje?

Huku Soy mahindi huvunwa kuanzia Oktoba, na pesa huingia kwa simu kwa mkupuo mmoja. Karo inangoja Januari, mbolea Machi. Hapo katikati ndipo zinapotelea: elfu mbili hapa, mia tano pale, mara harusi ya binamu.

Wengi wetu tumesikia kanisani habari za Yusufu, Mwanzo 41. Tunakumbuka ng'ombe waliokonda, tunasahau hesabu. Alimshauri Farao atenge sehemu ya tano ya mavuno katika miaka 7 ya shibe, kabla njaa haijafika.

Hebu tujaribu. Tuseme umeuza magunia 40 kwa shilingi 3,000 kila moja: jumla 120,000. Sehemu ya tano ni 24,000. Siku hiyo hiyo, kabla hujatoka Eldoret mjini, fungua akaunti ya lengo, iite "Karo Januari", kisha zifunge hadi shule zikaribie. Usipuuze hilo jina. Si rahisi kula pesa iliyoandikwa karo. Fungu la kumi, kama unatoa, litume kwanza, maana likikaa nalo huliwa. Lakini usifunge zote. Ng'ombe huugua bila kukuuliza, na daktari wa mifugo analipwa papo hapo.