Mwanachuo na Haki ya Usingizi

Majuma ya mitihani yanapokaribia, taa za mabweni ya Mlimani, Dar es Salaam, aghalabu huwaka hata alfajiri, na mwanachuo anayemudu kupiga msuli usiku kucha husifiwa kwa ushupavu, ilhali mwenziwe aliyelala mapema hudhaniwa kuwa ni ajizi asiyejua kilichomleta chuoni. Chini ya desturi hiyo imejificha dhana kwamba kila saa ya usingizi ni saa iliyonyang'anywa masomo; nayo dhana hiyo ilikwisha kupimwa zamani, ikaonekana kuwa ina kasoro.

Mnamo mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach, wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, walitangaza habari za wanafunzi wawili waliohifadhishwa silabi zisizo na maana, kumi kwa kila orodha, kisha mara wakaachwa walale, mara wakaendelea na shughuli zao za mchana, na hatimaye wakatakiwa kuzisoma kwa ghaibu. Baada ya saa nane za kuwa macho ilisalia kama silabi moja katika kumi. Baada ya saa nane za usingizi zilisalia karibu nusu, au zaidi. Wataalamu waliofuata wamebainisha kwamba ubongo wa aliyelala huyarudia aliyojifunza mchana na kuyathibitisha, mithili ya karani anakiliye hati za siku katika daftari la kudumu. Basi anayekesha humfukuza karani kabla hajashika kalamu.

Walakini si insafu kumlaumu kijana peke yake. Katika umri wa balehe na miaka michache baada yake, saa ya mwili huchelewa, na homoni ya melatonini, inayoujulisha mwili kuwa usiku umeingia, hutoka baadaye kuliko kwa watu wazima. Kwa hiyo asiyepata lepe la usingizi saa nne si lazima awe mtukutu. Ikiwa usingizi humjia saa saba, na darasa laanza saa moja asubuhi, naye anakaa mbali na kugombea daladala ni faradhi, hizo saa saba ambazo mtu mzima hahitaji pungufu yake atazipata wapi? Tena wako wanaobebana, wawili katika kitanda cha mmoja, kwa kuwa vyumba havitoshi.

Juu ya hayo, wengi hujiongezea adha kwa mikono yao. Kahawa huizuia adenosini, ile kemikali inayolimbikizana ubongoni mchana kutwa na kuleta uzito wa macho, na nusu ya kafeini yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Aliyekunywa kikombe saa nne usiku, bado anayo nusu yake saa tisa.

Yafaa basi madesa yasomwe kidogo kidogo tangu mwanzo wa muhula, kahawa iishie alasiri, na mkesha wa kuamkia mtihani uachwe kabisa. Na wakuu wa vyuo, wanapopanga ratiba na kujenga mabweni, wauhesabu usingizi kuwa miongoni mwa mahitaji ya taaluma, sawa na maktaba na maabara.